Kiingereza cha Habari za Vita

Siku ile mama yake Philomène Mukagasana alipolazwa, daktari mmoja mgeni alisema maneno mengi, na mkalimani akayafupisha likabaki neno moja.

Ilikuwa ndani ya hema la majeruhi, wakati mapigano yalipokuwa yakiusogelea mji wa Goma. Kipande cha bomu kilimpata mama kambini Kanyaruchinya akianua nguo, kikamwingia nyongani. Daktari aliinama, akamtazama Philomène machoni, akazungumza Kiingereza kwa kirefu, huku mkono wake ukionyesha mara tumbo la mgonjwa, mara chupa ya maji ya dawa, mara mlango wa hema. Alipomaliza, alimgeukia kijana aliyekuwa akimtafsiria. Kijana yule alikuwa amechoka hata macho yamemwiva.

"Anasema muvumilie," kijana akasema, na wote wawili wakahamia kitanda cha jirani.

Mama alifariki kesho yake mchana. Philomène hakumchukia yule kijana. Aliona mwenyewe majeruhi walivyokuwa wamelala mpaka nje kwenye mawe. Lakini maneno yale mengine hayakumwacha. Yalikuwa yanasema nini? Labda daktari alisema mama anyweshwe maji. Labda alisema asinyweshwe kabisa. Labda alisema hakuna tena la kufanya, mtoto amuage mama yake. Angejua, angemuaga.

Kambi ilipovunjwa, Philomène hakurudi kwenye milima ya Masisi walikotoka. Hakukuwa na nyumba huko, wala ng'ombe, wala mtu wa kumsubiri. Alikwenda Munigi kwa shangazi yake Héritière, mjane aliyekuwa na nyumba ya mbao ya vyumba viwili juu ya mawe meusi ya volkeno. Asubuhi na mapema alishuka soko la Kituku, ufukweni, kununua sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa, akapanda navyo Munigi, akavianika juu ya bati na kuviuza. Kazi hiyo ilimpa chakula. Na mchana, samaki wakiwa juani, alikuwa na muda wa kuwaza.

Ndipo aliposikia habari za Prof Émile.

Émile Havugimana alikuwa mwalimu wa Kiingereza kwenye shule moja ya sekondari. Watu waliokimbia vita walipojaa madarasani, shule ilifungwa, na usiku wa baridi waliokuwa wamelala humo walivitumia vitabu kama kuni. Émile hakuwalaumu. "Hata mimi ningevichoma, kama ningekuwa na mutoto anayetetemeka," aliwaambia wanafunzi wake wapya. Sasa alifundisha kwenye baraza la kanisa dogo la Munigi, bila kitabu hata kimoja. Alichokuwa nacho ni redio ya betri, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili mfuniko usianguke. Kila alasiri kituo kimoja cha ng'ambo kilitoa habari kwa Kiingereza, na wanafunzi walikaa kimya kuzunguka redio ile kana kwamba kuna mgonjwa anayetaka kusema.

"Hiki ndicho kitabu chetu," Émile alisema siku Philomène alipofika mara ya kwanza. "Hakina picha, na hakirudii. Mukisikia neno, mulishike."

Siku ile alilishika moja. Mtangazaji alilisema, kisha akalisema tena: "displaced".

"Ni nani huyo?" aliuliza Philomène.

"Ni wewe, mama," Émile akajibu. "Ni mutu aliyeondolewa mahali pake."

Philomène alilirudia njia nzima mpaka nyumbani. Alipofika alichukua kipande cha makaa, akaliandika kwenye ubao wa ukuta karibu na jiko, kubwa, kwa herufi alizofundishwa shuleni kabla vita havijamkatiza kidato cha nne. Shangazi Héritière alitoka chumbani, akautazama ukuta wake.

"Unanichafulia nyumba kwa sababu gani?"

"Ninaandika jina letu, shangazi."

Kutoka hapo ukuta ukaanza kujaa. Habari za redio zilikuwa nyingi za vita, na vita vyenyewe vilikuwa vyao, kwa hiyo maneno yalikuja na sura watu walizozijua. "Advance" ni kusonga mbele: Philomène aliliona kama msururu wa watu wenye bunduki wakipanda kilima. "Withdraw" ni kurudi nyuma, kujiondoa. "Shelling" ni kurusha mabomu, na hapo Émile alitafsiri haraka akaendelea na neno lingine. "Casualties" ni waliokufa na walioumia, wote kwenye kapu moja, jambo ambalo lilimuudhi sana Philomène. Aliuliza kama Waingereza hawana njia ya kutenganisha maiti na mtu aliyevunjika mkono. Émile alisema njia wanayo, ila redio ina haraka.

Alijifunza pia "ceasefire", kusimamisha vita. Neno hilo lilipita mara nyingi kuliko mengine, likawa kama jirani anayebisha hodi kila siku asiingie. Alijifunza "movement", mwendo wa majeshi; "operation", kazi ya kijeshi; "evacuate", kuwatoa watu mahali pa hatari; na "return", kurudi. Alipokuwa akipindua samaki juu ya bati midomo yake ilikwenda. Alipokuwa amepanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka Kituku, ndoo mapajani, aliyatamka nyuma ya masikio ya dereva hadi dereva akamuuliza kama anaomba.

Darasani kulikuwa na muzee mmoja, Twizeyimana, mfugaji wa Masisi aliyefika Munigi na fimbo tu, ng'ombe wote wamekwisha. Hakuwa na haja ya kusema Kiingereza na mtu yeyote. Alikuja kwa sababu alisikia kwamba redio hiyo hutaja vilima vya kwao, naye alitaka kujua kilima chake kikitajwa. Na kweli, alasiri moja kilitajwa. Mtangazaji alilitamka jina lake vibaya, lakini muzee alilitambua, akainua mkono watu wanyamaze. Kulikuwa na neno "fallen".

Habari zilipokwisha, muzee aliuliza, "Prof, ulitufundisha 'fall' ni kuanguka. Mutoto anaanguka. Embe linaanguka. Kilima kinaangukaje?"

Émile alikuna kidevu. "Maana yake, muzee, watu wengine wenye silaha wamekichukua."

"Basi waseme kimechukuliwa," alisema Twizeyimana. "Kingekuwa kimeanguka, ningeenda kukiokota."

Hakuna aliyecheka. Bibiche, msichana mshonaji aliyetaka kuhamia Kampala, alisimama akakunguta sketi yake. "Mimi nilikuja hapa ili niweze kusema na wateja," alisema. "Nipime kiuno, niseme bei. Kila siku ninajifunza namna ya kusema watu wamekufa. Nimeshajua, inatosha. Sitarudi." Akaondoka, na wengine wawili wakamfuata wakiangalia chini.

Émile alizima redio. Alikaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, akasema kwamba Bibiche ana haki. Alisema si vizuri mwalimu kuwatia watu chumvi kwenye kidonda, na kwamba ataifunga kozi mpaka apate kitabu cha kawaida, chenye soko na familia na rangi za maua.

Philomène alikuwa ameketi nyuma, kwenye saruji. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Darasani aliuliza maana za maneno, basi. Lakini alipoona Émile anaanza kuviringisha mpira wa baiskeli kwenye redio yake, alihisi kitu kama kile alichohisi kwenye hema, daktari alipogeuka kwenda kitanda cha pili.

"Prof, washa redio," alisema.

"Habari zimekwisha, mama."

"Basi kesho uiwashe." Aliinuka kwenye saruji. "Maneno haya wanayasema juu yetu. Tukiwa hapa wanayasema, tukiwa tumelala wanayasema. Bibiche amesema kweli, yanauma. Lakini tukifunga redio hayatakoma kusemwa, ila sisi tu ndio hatutayasikia. Mutu akizungumza juu yangu mbele yangu, mimi nataka nijue amesema nini. Kitabu kitafute, sawa. Lakini siku kitakapofika, kitukute tunasoma."

Muzee Twizeyimana aligonga sakafu kwa fimbo yake, mara moja tu, kama mtu anayetia muhuri.

Kesho yake alasiri redio iliwaka. Walikuwa wachache kuliko jana, lakini walikuwepo.

*

Tangazo lilibandikwa kwenye lango la hospitali ya wageni, mjini, si mbali na njia ya kwenda Kituku. Walitafuta wakalimani wanawake wa kusaidia upande wa wazazi: Kiingereza, Kiswahili, Kinyarwanda. Philomène alilisoma akiwa na ndoo ya samaki kichwani. Alilisoma tena siku ya pili, na siku ya tatu aliwaacha samaki kwa shangazi, akavaa kitenge chake kizuri, akaenda.

"Unajua Kiingereza wewe?" Héritière alimuuliza mlangoni.

"Ninajua cha ukutani kwako."

Aliyewapokea ni Henri, msimamizi wa wafanyakazi, mwanamume mpole wa Goma aliyevaa miwani na fulana ya hospitali. Aliwaita mmoja mmoja. Zamu ya Philomène ilipofika alimkaribisha kiti, akamuuliza kwa Kiingereza, polepole, amekula nini asubuhi hiyo.

Philomène alilielewa swali. Alikuwa amekula viazi vitamu na chai ya rangi. Lakini alipofungua kinywa, hakukuwa na kiazi wala chai. Alitafuta kila kona ya kichwa chake na kukuta majeshi.

"Sina hilo neno," alisema hatimaye, kwa Kiswahili.

"Si kitu." Henri alimuuliza ana ndugu wangapi, nyumba yao ina rangi gani, anapenda kufanya nini jioni. Philomène aliweza kusema kwamba ndugu zake ni "displaced". Kuhusu nyumba, alijaribu kusema kwamba haikupigwa bomu, na aliisema vizuri, sentensi nzima, kwa lafudhi ya mtangazaji. Henri aliinua uso, akamtazama kwa mshangao.

"Kiingereza hiki umekitoa wapi, mama?"

"Kwenye habari. Redioni."

Henri alivua miwani, akaifuta. "Umefanya kazi kubwa," alisema, na alisema kwa heshima. "Lakini mwanamke akija kujifungua, hatazungumza habari za majeshi. Atasema mgongo, atasema maziwa, atasema choo. Nikikuweka pale leo, nitakuwa nimemdanganya yeye na wewe. Jifunze hayo, urudi. Mimi niko hapa."

Philomène alishukuru, akatoka. Aliona kwamba Henri hakumwonea. Na kwa kuwa hakumwonea, hakuwa hata na wa kumkasirikia. Alikuwa ameanza kupanga moyoni jinsi atakavyomwomba Prof Émile maneno ya mwili wa mtu, pale alipopita mbele ya hema la wazazi akasikia Kinyarwanda cha kwao.

Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa alikuwa ameketi kwenye benchi, ameegemea nguzo, peke yake. Hakuwa akilia wala kuguna. Alisema kwa sauti ndogo, bila kumwambia mtu, "Hapigi tena. Hapigi tena." Mbele yake alisimama daktari wa kike, mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizofungwa kwa mpira, akiuliza kwa Kiingereza na kutazama huku na huku kutafuta mtu wa kumjibu. Lori lililoleta majeruhi kutoka barabara ya Masisi lilikuwa limeingia muda mfupi kabla, na wauguzi pamoja na wakalimani wote walikuwa wamekimbilia huko. Muuguzi mmoja aliyebaki, mtu wa Kisangani, alijua Kiswahili na Kifaransa tu. Mgonjwa, aliyeshuka kutoka milimani, hakujua hata kimoja. Na kwa kuwa alikuwa ametulia, walikuwa wamemwona kama mtu anayeweza kungoja.

Philomène alisimama. Alikumbuka neno alilotoka kuambiwa na Henri, kwamba atakuwa anamdanganya mwanamke yule. Kisha akaona kwamba kurudi kumwita Henri kungechukua muda, na kwamba wakati huu, kama si yeye, hakuna mtu kabisa. Akapiga magoti mbele ya benchi.

"Dada, unaitwa nani?" aliuliza kwa Kinyarwanda.

"Julienne." Mwanamke akamshika mkono kwa nguvu.

"Niambie yote, nimwambie huyu daktari. Anza mwanzo."

Julienne alimweleza. Uchungu ulianza jana, mara unakuja, mara unaondoka. Alipanda nyuma ya moto, na wakati wote uliendelea kukua. Asubuhi hii ukaja mmoja kama kitu kinachopasuka, akapiga kelele, na baada ya hapo uchungu wote ukakoma. Sasa hasikii kitu ila maumivu ya bega na damu kidogo. Na mtoto, aliyekuwa akipiga teke njia nzima, amenyamaza. Mtoto wake wa kwanza, alisema, walimtoa kwa kumpasua.

Philomène aligeuka kwa daktari. Mgongo hakuujua, damu hakuijua, bega hakulijua. Alijua alichojua.

"Pain advance," alisema, akapeleka mkono mbele. Maumivu yalisonga mbele. "Pain withdraw." Akaurudisha nyuma. "Advance, withdraw, advance, withdraw. All night." Daktari alikunja uso, lakini aliinama, akasikiliza. "This morning, explosion." Philomène aliweka ngumi juu ya tumbo lake mwenyewe, akaifungua ghafla, kama mlipuko. "After explosion, ceasefire. Ceasefire in all places." Alitikisa kichwa, maana aliogopa daktari asifikirie kwamba kusimama huko ni habari njema. "Not good ceasefire. The child, no movement. No movement since explosion."

Uso wa daktari ulibadilika. Aliuliza kitu haraka, na Philomène hakukielewa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Again. Slow." Daktari akarudia polepole, akachora kwa kidole mstari chini ya tumbo lake.

"Yes," Philomène akasema, na neno lilikuwepo, lilikuwa ukutani siku nyingi. "Operation. First child, operation."

Daktari hakuuliza zaidi. Alimpandisha Julienne kitenge kiasi, akaona kovu, akagusa tumbo mara moja tu kwa vidole, akapaza sauti kuita machela. Muuguzi wa Kisangani akakimbia. Wakati wanamsukuma kuelekea chumba cha upasuaji, daktari alimshika Philomène bega akamvuta waende pamoja, na Philomène alikimbia kando ya machela akimweleza Julienne sikioni kila alichokiona: sasa wanafungua mlango, sasa huyu atakuchoma sindano mgongoni au mkononi, sijui, lakini nitauliza. Mlangoni walimzuia. Alibaki nje, kitenge chake kizuri kimelowa damu ya mtu asiyemjua, akasali kwa Kinyarwanda kwa sababu kwa lugha hiyo hakupungukiwa na neno.

Kilio cha mtoto kilipotoka kilikuwa kidogo, kama cha paka aliyefungiwa nje. Philomène alikisikia, lakini hakuamini mpaka kiliporudia.

*

Julienne alipozinduka vizuri, alasiri, daktari alikuja kuketi kando ya kitanda chake. Jina lake lilikuwa Ingrid, alitoka Norwe, na Kiingereza kwake pia kilikuwa lugha ya kujifunza. Henri alisimama nyuma yake. Mkalimani wa hospitali alikuwa amekwisha kurudi, lakini Julienne alisema anamtaka yule dada, na Henri hakupinga.

Daktari alianza kusema. Alisema sana. Philomène aliinua mkono mapema, akamsimamisha, kisha tena, kisha tena. Kulikuwa na neno "womb" lililojirudia, naye hakulijua. Aliuliza. Daktari aliweka viganja viwili juu ya tumbo lake mwenyewe, akasema ni nyumba ya mtoto. Ilipasuka mahali pa kovu, hawakuweza kuishona, iliwabidi waitoe.

"Evacuated?" Philomène aliuliza.

Daktari alifikiri kidogo. "Yes."

"No return?"

"No return," daktari akasema, akatazama chini.

Philomène alijua sasa kwa nini kijana yule wa hema alisema neno moja tu. Uchovu ulikuwa sababu, lakini palikuwa na nyingine: maneno kama haya yanampita mtu kinywani yanamkwangua. Ingekuwa rahisi kusema, daktari anasema uvumilie.

Alimgeukia Julienne, akamwambia yote. Alimwambia kwamba mtoto ni wa kike, anapumua mwenyewe, ananyonya kidole. Alimwambia kwamba tumbo la uzazi lilipasuka na limetolewa, kwamba hatazaa tena, na kwamba hataona tena siku zake. Alimwambia asinyanyue jerikani wala mtoto mkubwa mpaka kidonda kifunge. Alimwambia kwamba daktari anasema si kosa lake kupanda moto, si kosa lake kuchelewa, na kwamba daktari anasikitika. Hakuongeza kitu, wala hakuacha kitu.

Julienne alitazama paa la hema. Machozi yalishuka pembeni ya macho yake mpaka masikioni, na Philomène akayafuta kwa ncha ya kitenge. Kisha Julienne alisema, "Muulize. Mume wangu ni lazima aambiwe?"

Philomène aliuliza, kwa maneno aliyokuwa nayo, akitumia "information" na "husband", neno ambalo Henri alimnong'oneza. Daktari alijibu kwamba hakuna mtu hapa atakayemwambia mume. Habari ni ya Julienne. Akitaka kusema atasema, asipotaka hatasema, na kama atataka mtu wa kukaa naye wakati wa kusema, wataketi naye.

Julienne aliposikia jibu hilo alifumba macho. "Aksanti," alisema. Halafu akaomba uji.

Nje ya hema, Henri alimkuta Philomène akinawa mikono kwenye pipa la maji.

"Bado hujui kusema ulichokula asubuhi," alisema.

"Bado."

"Na kuna maneno mawili matatu ya daktari umeyapata kwa kubahatisha. Nimesikiliza."

"Mawili," Philomène akasema. "Yale mengine niliuliza."

Henri alitabasamu kidogo. "Hilo ndilo nililoliandika. Kwamba unauliza. Nitakuweka kwenye majaribio. Mchana utafanya kazi na Dokta Ingrid, alasiri wakunga watakufundisha mwili wa mutu, kiungo kwa kiungo. Usipoujua mwisho wa majaribio, nitakwambia hivyo hivyo kama leo."

"Alasiri siwezi," Philomène alijibu, "niko na darasa Munigi." Alikung'uta maji mikononi. "Wakunga wanifundishe asubuhi, kabla ya kazi. Nitafika mapema."

Henri akakubali.

Kesho yake darasani Munigi, habari zilimtangulia. Émile alikuwa amemwekea nafasi mbele kwenye benchi, na Bibiche alikuwepo, mikono kifuani, kama mtu aliyepita tu njia. Hakuna aliyepiga makofi. Muzee Twizeyimana alimuuliza tu mtoto ana uzito gani, na alipoambiwa, akasema hata ndama wake aliyezaliwa mwepesi kuliko wote aliishi. Kisha saa ya habari ikafika, wakanyamaza, wakasikiliza hadi mwisho. Redio ilipozimwa, Philomène aliwafundisha neno la nyumba ya mtoto. Bibiche alilirudia kwa sauti kuliko wote.

Jumatatu alikuwa kwenye lango la hospitali kabla mlinzi hajamaliza kufagia. Mkunga mmoja alimfundisha mkono mzima, kuanzia bega mpaka kucha, wakiwa wanakunja mashuka. Wagonjwa walipoanza kuingia, Dokta Ingrid alimwita kwa jina lake, akilivuta mwishoni, wakaenda kwenye kitanda cha kwanza. Mama mmoja wa makamo alikuwa amelala hapo, mimba ya mwisho mwisho, uso umejaa wasiwasi wa mtu asiyejua ataeleweka vipi. Philomène alivuta kigoda akakaa, macho yake yawe sawa na ya mgonjwa.

"Sema yote, mama," alimwambia. "Hata lile unaloliona dogo. Nitamwambia yote, na atakachojibu nitakwambia chote."

Yule mama alivuta pumzi, akaanza na habari za jino linalomuuma.